Doa Chini ya Mstari wa Kijani

Mzee Ognian Kalchev alikutwa amelala chali sakafuni, katika chumba chake cha kuchorea, orofa ya sita, kisogo kimegusa chuma cha kupashia joto nyumba. Damu ilikuwa kidogo na ilishakauka. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Ukutani palibaki msumari mmoja na alama ya mstatili iliyokuwa nyeupe kuliko ukuta wote, na chini yake fremu tupu ilikuwa imeegemezwa kwa uangalifu pamoja na kioo chake.

Inspekta Donka Bakalova alifika akihema. Lifti ya jengo ilikuwa mbovu tangu kiangazi, na magoti yake yalikuwa mabovu tangu kabla ya hapo. Alishika mlango akasubiri pumzi imrudie, huku akijiuliza kwa nini watu wa jiji la Sofia hawauawi orofa ya chini. Mara mbili alikuwa ameomba kuhamishiwa dawati la pasipoti, na mara zote alijibiwa kwamba mtu mwenye uzoefu wake hawezi kupotezwa kwenye kugonga mihuri. Basi aliendelea kupanda ngazi za marehemu.

"Wizi, afande," Sajini Mladen alimwambia kabla hajaingia vizuri. "Mzee kamfuma mwizi, wamevutana, kaanguka. Picha imekwenda."

"Picha gani?"

"Ile. Ya Bustani."

Donka hakuuliza zaidi. Sofia nzima iliijua picha ya Bustani ya Borisova. Mstari mmoja wa kijani uliolala kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake vijiti kadhaa vya kijivu vilivyosimama, ndiyo majengo ya mji. Nyuma ya vijiti, mkunjo mmoja hafifu, ndio mlima Vitosha. Kwingine kote kweupe. Ilikuwa kwenye vikombe, kwenye kalenda, kwenye mifuko ya sokoni, na mwaka fulani ilizungushwa mjini kwenye ubavu wa tramu. Waliohamia Ujerumani na Hispania waliitundika juu ya makochi yao ili wapate mahali pa kulilia nyumbani. Dadake Donka, aliyeko Valencia, alikuwa nazo mbili. Lakini ile ya asili, ubao usiozidi ukubwa wa sinia, Kalchev hakumuuzia mtu tangu aipake rangi enzi za serikali ya zamani ya Kikomunisti.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema mzee amekufa jana, Ijumaa, jioni au karibu na jioni. Amesukumwa, au amerudi nyuma akajikwaa. Hakutaka kuapa kwa lolote. Alionyesha vidole vya marehemu, vilivyokuwa na rangi nyeupe iliyokauka, na brashi iliyokuwa imeviringika hadi chini ya meza, nayo imeganda nyeupe.

Kutoka bafuni ilisikika sauti ya kucha zikikwaruza mbao. Mladen alivuta komeo kabla Donka hajamwambia asubiri. Paka mweusi akachomoka, akaruka juu ya maiti, akatokomea chini ya kitanda. Mpiga picha wa kikosi, mama mtu mzima kutoka Pernik, alishusha kamera yake akajichora msalaba kifuani.

"Ameshamruka," alisema. "Basi tena. Huyu hatatulia."

"Mama, karne hii bado mnaogopa paka?" Mladen alimcheka.

Donka hakucheka. Alikuwa akiangalia komeo la bafu, ambalo lilikuwa upande wa nje, na kujiuliza ni mwizi gani anayeona taabu ya kumfungia paka. Kisha akaangalia meza. Brashi za mzee zilisimama ndani ya mitungi mikavu kabisa. Rangi zake zilikuwa za kuchanganya na maji, na mtu wa rangi za namna hiyo haachi mitungi bila maji hata akiwa mlevi. Birika lilikuwa tupu, kifuniko kiko kando. Maua yalikuwa yamenyauka ndani ya chombo kisicho na tone. Bakuli la paka lilifudikizwa.

"Muuaji kasafisha ushahidi," Mladen alisema. "Kanawa damu kwa maji yote aliyoyakuta."

"Bomba lipo hapo, Mladen. Kwa nini anawe kwenye maji ya maua?"

Mtu wa maabara alipima sinki. Damu hakuna.

Aliyeikuta maiti ni Mzee Tsanko wa orofa ya tatu, msimamizi wa jengo, aliyechaguliwa kushika wadhifa huo kwa kosa la kutohudhuria mkutano wa uchaguzi. Alikuwa amepanda kulalamika kuhusu bomba linalovuja, akaukuta mlango haujafungwa. Alitoa ushahidi wake huku amekaa ngazini na koti la kulalia, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya wapangaji wote, wazima na wafu. La maana lilikuwa hili: Ijumaa alasiri alisikia kelele juu. Mtengeneza fremu, Asen, alipanda na kioo mgongoni, wakagombana na mzee mpaka maneno yakashuka ngazini, kisha Asen akatoka akiupiga mlango.

"Baada ya hapo nani alipanda?"

"Mimi najuaje, afande? Nilikuwa naangalia mpira. Tena tumefungwa."

"Kwa kawaida nani huja?"

"Mtu wa duka la picha, yule mwenye skafu. Na Velika, mtalaka wake. Kila Ijumaa analeta supu ya maharagwe, anatoka ng'ambo ya bustani kwa miguu. Ana ufunguo wake. Waliachana zamani, walizika mtoto, ndoa ikafia hapohapo. Lakini supu hakuiacha. Mke wangu tunaishi naye, na supu yenyewe napika mimi."

Mladen alimpigia Velika simu akampa taarifa ya kifo, maneno machache, pole na kwaheri. Kisha akaenda kumkamata Asen.

Hadi mchana wa Jumamosi hiyo Asen alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, mikono mezani, vidole vyote vina makovu ya vioo. Alama za vidole hivyo zilijaa kwenye fremu tupu. Isitoshe, miaka ya nyuma aliwahi kufungwa kwa kung'oa nyaya za shaba kwenye reli. Mwendesha mashtaka aliposikia habari ya shaba hakusikiliza tena jambo jingine. Alitaka jalada mezani pake Jumatatu, na mtuhumiwa aende rumande. Mke wa Asen alikuwa kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo, chapati za jibini zilizofungwa kwenye karatasi, na ndara za kuvalia ndani. Hakuna aliyemwelekeza alete nini. Donka alipompita aliona aibu, kwa maana mwanamke huyo alikuwa ameshazoea.

"Ulikwenda kufanya nini?" Donka alimuuliza Asen.

"Kubadilisha kioo. Aliniita mwenyewe. Picha inakwenda maonyeshoni, kioo cha zamani kimekuwa na ukungu."

"Ukaitoa picha kwenye fremu."

"Nikaitoa, nikaiweka kwenye stendi yake ya kuchorea. Nimeshaweka kioo kipya, ananiambia hapana, iache nje, nataka kuigusa kidogo. Nimebeba kioo ngazi zote zile! Nikamwambia ungepiga simu basi. Akapaza sauti, nami nikapaza."

"Alisema nini?"

"Kwamba mimi ni mtu wa vioo, nibaki na vioo vyangu."

"Na wewe?"

Asen aliinamisha kichwa. "Nilimwambia kuna siku atabaki na ubao mtupu, na mimi nitamtengenezea fremu ya hewa."

"Ukamsukuma," Mladen alidakia.

"Sikumgusa. Niliegemeza fremu ukutani nikaondoka."

"Paka alikuwa wapi?" Donka aliuliza.

Mladen aligeuka kumtazama bosi wake. Asen naye alishangaa, lakini alijibu bila kufikiri. "Masizi? Begani kwangu. Kila nikienda ananikalia hapa. Nilimshusha mlangoni." Alivuta bega la koti lake karibu na taa, na manyoya meusi yalikuwepo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mke wake bado yuko koridoni, na kama inawezekana aambiwe aende nyumbani. Donka alimwambia ameshamwambia, hataki kuondoka.

Huko nje Mladen alisema manyoya ya paka hayajawahi kumwokoa mtu mahakamani. Donka alikubali. Alikuwa amechoka mpaka kope zinauma, na alijua jambo moja tu: jalada likishapanda ngazi za mwendesha mashtaka halishuki tena. Kesi ingekuwa imekwisha, watu wangempongeza, na yule mwanamke wa koridoni angeendelea kuleta ndara. Akachukua mkoba wake akaenda kumwona mtu wa skafu.

Deyan Urumov aliendesha duka la picha lenye kuta nyeupe na viti ambavyo binadamu hawezi kukalia. Alipofika Donka, alikuwa ameshalia, au ameshapaka macho yake maji. Alisema hasara aliyoipata yeye hakuna polisi atakayeielewa. Maonyesho yanafunguliwa mwezi ujao, na picha ya asili ilikuwa ionekane hadharani kwa mara ya kwanza.

"Mzee alikuwa anaifanyia nini hiyo Ijumaa?" Donka alimuuliza. "Alikuwa na rangi nyeupe vidoleni."

Deyan alisita. "Alikuwa analifuta doa."

"Doa lipi? Mimi picha hiyo naijua, haina doa."

"Wewe unajua vikombe, afande. Ya asili ina doa jekundu, chini ya ule mstari wa kijani. Dogo tu, utadhani nzi kanyea. Wachapaji walikuwa wakiliona wanadhani ni uchafu, wanapiga simu, mwisho nikawaambia walifute kila toleo. Sasa utawaleta vipi watu waione ya asili, halafu ina kitu ambacho hawajawahi kukiona? Miaka nimemwomba aliondoe. Ananitukana. Safari hii, sijui uzee, akakubali."

"Doa la nini?"

"Nilimuuliza. Alisema ni kitu cha mwisho kilichobaki." Deyan alifungua mikono yake. "Hukuwa ukijua? Mwanzo picha ile ilikuwa na kila kitu. Ziwa, mabenchi, miti, wauza aiskrimu, watoto. Kila baada ya muda alikuwa anafunika kitu kwa nyeupe. Huo ndio usanii wake, afande. Wengine huongeza. Yeye aliondoa, akaondoa, mpaka dunia ikamjua."

Donka alimuuliza kama alimwambia mtu mwingine habari za doa hilo. Deyan alisema hapana, nani angejali doa? Jana jioni yeye alikuwa kwenye chakula na wageni, mashahidi meza nzima. Donka aliwapigia simu wawili kati yao akiwa palepale, na wote walithibitisha, mmoja akilalamika kwamba Deyan hakunyamaza hata dakika.

Jumapili asubuhi alikutana na Mladen ndani ya bustani yenyewe, kwa sababu ofisini mwendesha mashtaka alikuwa akipiga simu kila mara. Wazee walicheza sataranji kwenye meza za saruji. Mladen alikuwa na pakiti ya mbegu za alizeti na alikuwa akizibangua na kutema maganda pembeni, bila aibu. Alisema mzunguko wao umerudi palepale. Wageni wa Deyan wameapa, Tsanko hawezi kumsukuma mtu bila kwanza kuitisha mkutano. Amebaki Asen.

"Niambie kuhusu maji," Donka alisema.

"Maji yapi tena?"

"Ya mitungi, ya birika, ya maua, ya paka. Yote yamemwagwa na hakuna damu sinkini. Na paka yuko begani kwa Asen mchana, jioni kafungiwa bafuni. Na marehemu kafumbwa macho."

Mladen alibangua mbegu nyingine. Donka aliyatazama maji meusi ya ziwa. Akasema kwamba yule mpiga picha wa Pernik alimkumbusha kitu tangu jana, ila uchovu ulimzuia kukishika. Babu yake alipokata roho, kule milimani Rodopi, shangazi zake kabla hata ya kulia walizunguka nyumba wakimwaga kila tone la maji lililokuwamo. Walisema malaika anayetoa roho husuuza upanga wake kwenye maji yoyote anayoyakuta ndani, kwa hiyo hayanywewi tena. Kisha wakamfungia paka ghalani, kwani maiti ikirukwa na paka huinuka usiku ikawasumbua walio hai.

"Kwa hiyo tunatafuta mwizi mshika mila."

"Hakuna mwizi. Tunatafuta mtu aliyemuua kisha akakaa naye msiba."

Mladen aliacha kubangua. Asen, alisema, alilelewa kwenye kituo cha watoto cha hapa mjini, yeye mwenyewe alisema hivyo akiandikisha jina; nani angemfundisha mambo ya malaika na birika? Deyan je, hajui hata kuku anatoka wapi. Wote wawili waliangalia ng'ambo ya miti, kwenye majengo ya wafanyakazi, ambako mwanamke mmoja alitoka kila Ijumaa na sufuria ya supu.

"Ni bibi wa miaka sabini na kitu, afande," Mladen alisema.

"Najua. Twende."

Bibi huyo alikaa orofa ya pili, na kwa hilo Donka alimshukuru Mungu. Velika aliwafungulia akiwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye viganja vipana vya mtu aliyelima utotoni. Alitokea Strandzha, alisema Donka alipomuuliza, karibu kabisa na mpaka, kijiji ambacho siku hizi wamebaki nguruwe mwitu. Jikoni kulikuwa na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari na kokwa za jozi, chakula cha kumwombea marehemu, na aliwapakulia bila kuwauliza. Akamimina rakia, pombe kali ya matunda, kwenye vikombe vitatu. Akamwaga matone sakafuni.

"Mungu amsamehe," alisema.

"Mungu amsamehe," walimjibu.

Walikula. Donka alitoa pole zake, akamuuliza kuhusu mazishi, akamuuliza kuhusu afya. Hakuwa na haraka. Kwa kweli hakutaka kufika alikokuwa anakwenda. Velika alijibu maneno machache. Mwishowe alisukuma bakuli lake kando.

"Mwanangu, nikuulize. Yule paka, mlimtoa bafuni kabla ya kumbeba Ognian, au baada?"

Mladen aliweka kijiko mezani.

"Mama," Donka alisema, "tulikwambia Ognian amefariki. Habari za paka na bafu hakuna aliyekwambia."

Velika alimtazama. Alielewa mara moja amejitia wapi; uso wake ulionyesha. Lakini hakujaribu kujirudi.

"Nijibu kwanza," alisema. "Halafu na mimi nitakujibu."

Mladen, aliyefungua komeo lile kwa mkono wake, alitazama viatu vyake.

"Baada, mama," Donka alisema. "Tulimbeba kwanza, paka akatoka baadaye."

Velika alishusha pumzi ndefu. "Ahsante. Sikulala nikiwaza hilo." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Haya, uliza."

"Ulikwenda Ijumaa?"

"Nilikwenda na supu, kama siku zote."

"Asen alikuwapo?"

"Hakuwapo. Kioo tu. Ognian alikuwa amekaa mbele ya ubao, brashi mkononi, anaimba. Nikautazama ule ubao. Nikautazama tena. Nikamwambia, Ognian, yuko wapi? Akaniambia, sasa imekamilika, Velika. Sasa ni safi."

"Nani yuko wapi?"

"Iskra. Binti yetu."

Aliyasema yaliyobaki bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Iskra alikuwa na miaka sita. Ognian aliipaka picha ile majira ya kuchipua, bustanini, mtoto akicheza mbele yake na koti jekundu, na akamtia ndani ya picha pamoja na watu wengine wote. Kabla rangi hazijakauka vizuri homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Baada ya maziko Ognian alianza kufunika. Ziwa kwanza. Kisha watu, kisha mabenchi. Miti akaifanya mstari.

"Mimi nalia, yeye anapaka nyeupe. Nikasema kila mtu na kilio chake. Lakini siwezi kuishi na mtu anayefuta kila kitu, nikaondoka. Nikamwambia neno moja tu: ondoa chochote unachotaka, yeye usimguse. Akaapa. Akambakiza, tone dogo, lakini mimi nilijua ni yeye." Alimkazia Donka macho. "Unadhani miaka yote hii nilikuwa nampelekea Ognian supu? Nilikuwa nakwenda kumwona mtoto."

"Huna picha zake nyingine?" Mladen aliuliza kwa upole.

"Ninazo, kijana wangu. Na kaburini yupo, kwenye picha ya kauri, amenuna, hakupenda kupigwa picha. Kwenye ubao ule peke yake ndipo alipokuwa anacheza."

"Ulimsukuma," Donka alisema.

"Nilimsukuma. Nilitaka aondoke mbele ya ubao nimtoe mtoto kabla nyeupe haijakauka. Alikuwa mwepesi mno, sikujua amekuwa mwepesi hivyo. Alipoanguka nilisikia kile chuma. Nikamwita. Kisha nikamfumba macho, nikamwaga maji, nikamfungia Masizi, nikakaa naye. Nilimwombea. Nilikuwa nimemkasirikia na nilimwombea."

"Jana tulimshika Asen kwa ajili yako, mama. Yuko mahabusu."

Hilo lilimpiga kuliko yote. Hakuwa na habari; Mladen kwenye simu hakumwambia. Alifunika mdomo kwa kiganja, akasema Asen ni mtoto mzuri, amemtengenezea fremu ya picha ya kaburini na kukataa malipo. Akaomba aandikiwe maelezo yake hapohapo, yote, atie sahihi. Mladen alitoka kwenda koridoni. Walimsikia akimwambia mtu wa kituoni kwa simu amfungulie Asen, na amwambie mke wake yeye mwenyewe, asimtume mtu.

Donka alifanya hesabu yake kimyakimya. Kuua bila kukusudia, umri, maungamo, hasira ya ghafla. Wakili wa kawaida tu angeweza kumfikisha nyumbani. Alipaswa kuona nafuu, maana mtu asiye na hatia anarudi kwake na kesi imekwisha kabla ya Jumatatu. Alichokiona ni uchovu uleule, na huzuni juu yake.

"Picha iko wapi, mama?"

Velika alimwongoza chumbani. Ubao ulikuwa kitandani, umelazwa juu ya taulo safi, na kando yake kisu cha mezani. Mstari wa kijani ulikuwapo, na vijiti vya mji, na mkunjo wa mlima, vyote vizima. Lakini nyeupe ya chini ya mstari ilikuwa imekwanguliwa hapa, na pale, na kule, makovu mengi, mengine yamefika kwenye mbao. Ndani ya karibu kila kovu kulikuwa na nyekundu.

"Nilipofika hapa nyeupe ilikuwa imeshakauka," Velika alisema. "Nikachukua kisu, nikakwangua, nikamwona. Nilifurahi, mwanangu, sikufichi. Halafu nikatazama vizuri, nikaona kama si mahali pake, amekwenda upande mno. Nikakwangua pembeni. Nyekundu. Nikakwangua tena. Nyekundu." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikuwa nimesahau. Siku zile bustani nzima ilikuwa nyekundu. Vitambaa vya shingoni vya watoto wa shule, bendera, mabenchi, maua ya tulipu. Hakuondoa hata kimoja, alivifunika tu, vyote vimo humu chini. Na sina mti wala benchi la kupimia. Kuna mstari tu."

Donka alisema maabara wana mashine za kuona chini ya rangi.

"Zitaona nyekundu," Velika alimjibu. "Zitajuaje yupi ni wangu?"

Akamvutia Donka ubao karibu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu tazama wewe. Macho yako bado yanaona. Koti lake lilikuwa jekundu la kukolea, si la bendera."

Donka alitoa miwani mkobani. Alipiga magoti kando ya kitanda, magoti yakalia, na akapitisha kidole juu ya ubao bila kuugusa, kutoka kovu hadi kovu, polepole, akilirudia kila moja. Mladen alikuja akasimama mlangoni. Kulikuwa na nyekundu ya kukolea kushoto. Kulikuwa na nyingine katikati. Kulikuwa na moja karibu na ukingo ambayo kisu kilikuwa kimeiondoa nusu.

"Sijui, mama," alisema.

"Hata mimi sijui tena," Velika alisema, na akaenda kuchukua koti lake mwenyewe ili waende kituoni.